Jawabu kwa Wenye Kuazimia Safari ya Andalus

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Wametujia baadhi ya ndugu wahudhuriao darsa, wakatuuliza juu ya safari wanayoikusudia. Wana azima ya kwenda Hispania, washuke mji wa Córdoba, ndio Qurtuba ya vitabu vyetu, wakodi gari hapo, kisha waende kwa barabara za milimani hata Granada, ndiyo Gharnata. Wametaka tuwaeleze mambo mawili. Kwanza, je, yafaa kisheria safari ya namna hii, nayo si ya Hija, wala si ya biashara, wala si ya kutafuta elimu? Na pili, wafuate njia ipi na watazame nini. Mmoja wao akaongeza la tatu, akasema: "Sheikh, twataka kwenda kuulilia ufalme wetu uliopotea." Hilo la tatu ndilo lililotushikisha kalamu, kwani yale mawili tungaliweza kuyajibu barazani.

Ama kutembea katika ardhi, hilo ni halali, na mara nyingine huwa ni bora kuliko kukaa. Mwenyezi Mungu katika Qur'ani ameamrisha, si pahali pamoja wala pawili, kwamba watu waende katika ardhi watazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Lakini kabla ya kutazama mwisho wa wengine, na atazame mtu mlango wa nyumba yake. Mwenye deni lililokwisha fika muda wake, naye aweza kulilipa, haimfalii kusafiri ila kwa idhini ya anayemdai. Mwenye kuacha nyuma mke na watoto bila ya posho ya siku zote za safari, huyo matembezi yake yanaanza kwa dhulma. Na Hija je? Madhehebu yetu ya Shafi'i yamempa nafasi mwenye uwezo kuichelewesha, madhali ana azima ya kweli ya kuitekeleza. Lakini maimamu wengine wamesema ni wajibu kuifanya papo hapo, na hata kwetu sisi mwenye kuchelea kuwa nguvu au mali zitamwishia hana ruhusa ya kungoja. Basi mtu wa miaka sitini na mitano, hajahiji, naye yuko katika kuuliza bei ya tikiti ya kuingia Alhambra! Huyo aijibu nafsi yake mwenyewe. Sisi hatuna la kumzidishia.

Na kwa vile wamesema watafuata njia ndefu kwa ajili ya uzuri wake, liko jambo la fikihi la kupendeza hapa. Imamu Nawawi katika Minhaj ameitaja hali ya msafiri mwenye njia mbili za kufikia aendako, moja fupi isiyofikia masafa ya kupunguza Sala na moja ndefu. Akiifuata ile ndefu kwa sababu, kama wepesi au amani, hupunguza. Akiifuata bila sababu yoyote, hapunguzi. Na wenye kukisherehesha kitabu wakahesabu katika sababu hizo matembezi ya kuburudisha moyo. Tazameni basi jinsi wanazuoni wetu walivyokuwa hawakulisahau hata hili, ya kwamba mtu huenda akazunguka kwa kuwa njia ile inapendeza macho! Ama kwenu nyinyi, mashaka hayapo kabisa. Masafa ya kupunguza ni marhala mbili, kiasi cha kilomita themanini na kitu kwa vipimo vya leo, na kutoka Qurtuba mpaka Gharnata kwa njia iliyo fupi ni kiasi cha kilomita 160. Isitoshe, nyinyi ni wasafiri tangu mlipotoka kwenu. Angalieni tu msinuie kukaa mji mmoja siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, kwani hapo hukumu ya safari hukatika. Siku mbili Qurtuba, siku mbili njiani na siku tatu Gharnata, hiyo ni ratiba nzuri, na Sala zenu zitabaki za kupunguza na kukusanya. Na ndege iondokayo Mombasa siku ya Ijumaa baada ya alfajiri msiichukue, ikiwa itawapotezea Sala ya Ijumaa.

Mipango ya dunia nayo isidharauliwe. Viza ya nchi za Ulaya yaombwa mapema, wala si wiki moja kabla. Huko magari hupita upande wa kulia, kinyume cha kwetu, basi mwenye kuendesha na awe mtu mtulivu asiyeona haya kwenda polepole, na awe na leseni ya kimataifa pamoja na ile yake ya Kenya. Bima ya gari isomwe kabla ya kutiwa sahihi. Na msimu uchaguliwe. Mwezi wa Julai na Agosti joto la Qurtuba hupindukia digrii 40, nasi tuliozoea joto lenye upepo wa bahari tusidhani kwamba tunalijua joto lile kavu. Isitoshe, katika Juni jua huchwa huko karibu na saa nne kasorobo za usiku, na Isha ikawa baada ya saa tano. Mwenye kuendesha mchana kutwa atapata taabu na Alfajiri. Aprili na Mei ni bora, au Oktoba. Chakula nacho ni mtihani, kwa kuwa nyama ya nguruwe huingia hata katika vyakula usivyovidhania. Liko supu baridi la nyanya na mkate, huitwa salmorejo, asili yake ni Qurtuba hiyo hiyo, nalo ni tamu, lakini hunyunyiziwa juu yake vipande vya nguruwe. Ulizeni kabla ya kuletewa, si baada. Samaki, mayai, mkate, zeituni na machungwa hayana tatizo.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe.

Qurtuba mtataka kuuona msikiti kabla ya kitu chochote. Aliuasisi Abdur-Rahman wa kwanza mwaka 169 wa Hijra, ndio 785, akauzidisha Abdur-Rahman wa pili, kisha al-Hakam wa pili, ambaye mihrabu yake ya vijiwe vya dhahabu ingalipo, na mwisho al-Mansur aliyeupanua upande wa mashariki mnamo mwaka 987. Nguzo zilizobaki ni zaidi ya 850. Mfalme Ferdinand wa tatu alipouteka mji mwaka 1236 ukageuzwa kanisa, na katika karne ya 16 likapandishwa kanisa kubwa katikati ya nguzo zile. Leo huingiwa kwa tikiti, na Muislamu haruhusiwi kuswali ndani. Twajua kuwa baadhi ya vijana hupenda kusujudu kwa kuvizia, mwenzake akimpiga picha. Hatulioni hilo kuwa ni ushujaa. Sala si hila, wala haikufaradhishwa ili kumghadhibisha mlinzi. Ardhi yote imefanywa kuwa mahali pa kusujudia. Tokeni nje, tafuteni pahali, mswali.

Na mkisimama mbele ya mihrabu ile, tazameni upande ilioelekea. Imeelekea kusini zaidi kuliko inavyostahiki, kwani Makka kutoka Andalus iko mashariki, na kuinama kidogo tu kwenda kusini. Wanazuoni wa huko walilijua jambo hili wakalijadili, na al-Hakam alipoupanua msikiti wakamuacha afuate kibla cha waliotangulia. Sisi wa Mombasa, ambao Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa kabisa, tumestareheshwa na mas'ala haya. Mkifika kule msielekee kwa mazoea ya nyumbani.

Kiasi cha kilomita 8 magharibi ya mji iko Madinat az-Zahra, mji wa kifalme ulioanzwa na Abdur-Rahman wa tatu mwaka 936. Nendeni, msiuache. Ulijengwa kwa marumaru na mali isiyo hesabu, na haukutimiza miaka themanini ukawa magofu. Nani aliyeuvunja? Msikimbilie kuwataja Wakristo. Waliouvunja na kuupora ni askari wenye kusema la ilaha illa-llah, katika fitina iliyoanza mwaka 1009, watu wa dola moja wakipigania kiti kimoja. Fitina ile iliendelea hata mwaka 1031 ukhalifa wenyewe ukafutwa, na kila mwenye ngome akajiita mfalme. Ferdinand alikuja miaka 200 baadaye, akaikuta kazi imekwisha fanywa nusu.

Kutoka Qurtuba shikeni barabara ya kusini-mashariki, ile waiitayo N-432. Iko barabara nyingine pana izungukayo kwa upande wa Antequera, ni nyepesi kwa mwenye haraka, nanyi hamna haraka. Njia hii ya milimani Wahispania wenyewe wameipa jina la Njia ya Ukhalifa, na ikifuatwa vijiji vyake huwa kiasi cha kilomita 180. Mtapita Espejo na ngome yake juu ya kilima, na Castro del Río, kisha Baena, ambapo mizeituni huanza kupangika kwa mistari mpaka jicho lichoke, kama minazi ya mashamba yetu lakini haina mwisho. Mafuta wao huyaita aceite, na zeituni aceituna. Hayo ni az-zait na az-zaituna. Sukari kwao ni azúcar. Mwenyekiti wa mji ni alcalde, naye ni kadhi yule yule tunayemjua sisi. Lugha imeyahifadhi yale ambayo majengo hayakuyahifadhi, na mtu wa pwani husikia huko maneno kama anayeitwa na jirani.

Baada ya Baena piteni Zuheros, kijiji cheupe kilichong'ang'ania mwamba na ngome juu yake. Hakina historia kubwa, lakini ndicho kizuri kuliko vyote njiani, na mwenye kamera ataikosa nafasi bora kuliko hiyo akipita moja kwa moja. Kisha Cabra, na kutoka hapo pindeni kidogo kwenda Lucena.

Lucena yataka saa mbili za mtu mwenye fikira. Katika zama za Waislamu ulikuwa ni mji wa Mayahudi, wakikaa kwa amani na kusoma dini yao, na mwanachuoni wao mkubwa Isaac Alfasi, aliyehamia kutoka Maghrib, alifundisha hapo mpaka akafa mwaka 1103. Amani ile haikuvunjwa na Wakristo. Waliivunja Muwahhidun walipoishika nchi katikati ya karne ya 12. Twaitaja habari hii kwa kuwa wako wasemao kuwa Andalus yote ilikuwa ni uadilifu, mwanzo hata mwisho, na mwenye kusema hivyo hajaisoma.

Na katika mji huu uko mnara wa ngome alimofungwa Abu Abdillah, mfalme wa mwisho wa Gharnata. Mwaka 1483 alitoka kuushambulia Lucena akashikwa mateka. Ferdinand na Isabella hawakumuua. Walifanya lililo baya zaidi: walimwachia huru kwa masharti, awe chini yao na arudi kupigana na baba yake, na baada ya baba, na ami yake. Mwaka 1487 mji wa Málaga ukazingirwa ukaangamia, naye hakuusaidia. Kutoka mnara ule mpaka kasri ya al-Hamra gari lafika kwa muda wa asubuhi moja. Abu Abdillah ilimchukua miaka tisa, kutoka kifungoni Lucena hata kutoa funguo za Gharnata.

Laleni Priego, ndio Baghuh wa zamani, mji wa maji na vichochoro vyeupe vilivyojaa maua, umekaa ukingoni mwa jabali. Mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale atajiona yuko kwao. Asubuhi endeleeni kwenda Alcalá la Real. Jina Alcalá ni al-qal'a, na Waarabu waliiita Qal'at Bani Said, kwa ukoo wa Banu Said ambao wazee na wajukuu, kizazi baada ya kizazi, walishirikiana kuandika kitabu kimoja cha habari za Andalus na Maghrib, mpaka kikakamilishwa na Ali bin Said katika karne ya 13. Fikirini nyumba moja inayorithishana kitabu! Ngome yao mliyoiona tangu mbali ilitekwa na Alfonso wa kumi na moja mwaka 1341, na kwa miaka 150 baada ya hapo ikawa ndiyo mpaka. Moclín, mbele yake juu ya mwamba, ilikuwa ndiyo ngao ya Gharnata, ikaanguka mwaka 1486. Kisha mwateremka Pinos Puente, na hapo husimuliwa kwamba mjumbe wa Isabella alimfikia Columbus darajani akamrudisha, na bonde la Gharnata likafunguka, na nyuma yake theluji ya milima.

Gharnata tiketi za al-Hamra hukatwa mapema sana, kwa jina na nambari ya pasipoti, na kuingia katika majumba ya Banu Nasr kuna saa maalumu. Mwenye kuchelewa hungojwi. Kuta zake zimeandikwa, mara zisizohesabika, kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Neno hilo ni haki. Lakini mjue pia kwamba mwasisi wa dola hiyo, Ibnul-Ahmar, aliyeanza kuijenga al-Hamra mwaka 1238, alikubali mwaka 1246 kuwa chini ya Ferdinand yule yule aliyeiteka Qurtuba, na akapeleka wapanda farasi wake kumsaidia kuiteka Ishbilia mwaka 1248. Ukuta wasema jambo moja, na farasi wa mwenye ukuta wamekwenda kwengine.

Hapa ndipo pa kumjibu ndugu yetu atakaye kulia. Ndugu yetu, kwanza ile si ufalme wako. Ni mali ya ukoo wa Banu Umayya na Banu Nasr na wengineo, na raia wao waliolima mizeituni ile hawakuulizwa. Pili, kile kisa cha mama aliyemwambia mwanawe Abu Abdillah maneno makali mlimani, ambacho wengi hukihadithia kwa machozi, kilienezwa na askofu wa Kihispania miaka mingi baadaye. Unalia kwa kalamu ya nani? Ukitaka kulia, walilie waliobaki. Mkataba wa Novemba 1491 uliwaahidi dini yao na misikiti yao na makadhi wao. Haikutimia miaka kumi, wakalazimishwa kubatizwa, na vitabu vya Kiarabu vikakusanywa na Cisneros vikachomwa moto hadharani. Uwanja wa Bib-Rambla, husemwa kuwa ndipo, leo ni pa wauza maua na wanywaji kahawa. Mwaka 1567 mfalme Philip wa pili akawakataza lugha yao na nguo zao na hamamu zao. Wakaasi mwaka 1568, wakashindwa, wakatawanywa. Na kati ya mwaka 1609 na 1614 wakafukuzwa waliosalia katika Hispania yote, watu karibu laki tatu.

Huyu Philip mwamjua. Mwaka 1580 alirithi na ufalme wa Ureno, na ni katika utawala wake, mwaka 1593, ilipoanzwa kujengwa Ngome ya Mombasa. Kila siku twaipita twendapo sokoni. Hamkuhitaji kukata tiketi ya ndege ili kuuona mkono wake.

Tena yuko mtu mmoja aliyeiona miji yote miwili kabla ya hayo, naye ni Ibn Battuta. Alipita Mombasa mwaka 1331, na Gharnata mwaka 1350. Katika mambo aliyoyaona Mombasa yakampendeza akayaandika ni misikiti ya mbao iliyojengwa madhubuti, na visima milangoni mwa misikiti, na kata ya kutekea maji, na watu wakiosha miguu kabla ya kuingia. Hakutusifu kwa nguzo za marumaru. Alitusifu kwa maji ya udhu. Sasa tujiulize, ndugu zetu. Iko misikiti mingapi katika mitaa yetu ambayo birika yake imekauka na mfereji wake haufunguki? Na nyumba za wakfu na mashamba ya wakfu, yaliyowekwa na mababu ili maji yale yasikatike, yako mikononi mwa nani, na kodi yake yaenda wapi? Mwenye kutoa machozi Qurtuba, naye amekaa kimya juu ya wakfu uliouzwa mbele ya macho yake, hayo machozi ameyapeleka mbali bila ya haja. Hatusemi msiende. Tumesema kwamba yafaa, na tumewapangia na njia. Twasema: kabla ya kukata tiketi, wale kumi waliokusudia safari na wakutane usiku mmoja, wahesabu gharama zao, kisha waangalie birika ya msikiti wao yataka kiasi gani. Tumewauliza wenye ufundi, wametuambia ni kidogo kuliko kodi ya gari kwa wiki moja. Na wakfu wa mtaa wao, wawatake wasimamizi waonyeshe daftari. Wakionyeshwa, wasafiri kwa raha. Wasipoonyeshwa, wamepata kazi.

Limebaki jambo moja la Gharnata. Katika mtaa wa Albayzín, juu ya kilima kinachokabiliana na al-Hamra, ulifunguliwa msikiti mwezi wa Julai 2003, baada ya miaka 511 tangu kutolewa funguo. Ni mdogo, mweupe, na bustani yake hufunguliwa kwa wageni wa dini zote, wakakaa wakitazama kasri ng'ambo ya bonde. Waliousimamisha wengi wao ni Wahispania waliosilimu, si wageni waliokuja kudai urithi. Pandeni huko kwa miguu, kwani gari halina njia katika vichochoro vile, na fikeni kabla ya Alasiri. Mkiswali peke yenu, rakaa mbili zawatosha, kwa kuwa nyinyi ni wasafiri. Ila mkimfuata imamu wa pale, naye ni mkaazi, itawapasa mtimize nne.